Injini Tatu za Mwalimu Bartholomayo

Sajini Zahoro Muharami aliegemeza baiskeli ukutani, akakung'uta vumbi jekundu kwenye soksi zake, kisha akasimama kidogo kabla ya kubisha hodi. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, mwezi wa Agosti mwaka 1954, na nyumba iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya Mwalimu Bartholomayo Kagaruki, aliyefundisha sayansi hapo Ijumbi. Zahoro alikuwa amebakiwa na siku nne. Jumatatu, mwanamke aitwaye Anatolia, mjane wa Buganguzi, angepandishwa mahakamani Bukoba kwa kosa la kusababisha vifo vya watu wawili.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Jumapili ya wiki iliyopita, wanaume watatu walikunywa pombe nyumbani kwa Protase, fundi seremala wa Buganguzi. Kesho yake jioni Protase alikuwa amekufa, na shemeji yake Rugaibula naye amekufa. Wa tatu, Josia, alipona lakini macho yake hayakuona tena. Pombe ilikuwa enkonyagi, ile kali inayochemshwa kutokana na ndizi na kukatazwa na serikali, na aliyewauzia alikuwa Anatolia. Polisi walimchukua siku ileile pamoja na chungu chake na bomba lake. Inspekta, Mwingereza aliyehamia kutoka Mwanza miezi miwili nyuma, alisoma taarifa, akatia sahihi, akafunga jalada.

Zahoro alilifungua tena kwa sababu mbili. Ya kwanza, watu wengine saba walikunywa enkonyagi ya chungu kilekile Jumapili ileile, na Jumatatu asubuhi wote walikuwa mashambani wanachuma kahawa. Ya pili ilikuwa maneno ya Josia. Zahoro alimkuta hospitali, amelala ameuelekea ukuta, kwa kuwa kwake mwanga na giza vilikuwa kitu kimoja. Josia alieleza kuwa pombe ya Anatolia iliwaishia mapema. Protase akaingia karakana yake, akatoka na kibuyu kimejaa tena. Ya kwanza ilikuwa ikichoma koo. Ya pili ilipita laini kama maji, na Josia alidhani ameonjeshwa pombe bora zaidi.

Katika karakana ya Protase, nyuma ya kopo la lakiri ya kupigia samani rangi ya kung'aa, Zahoro alikuta chupa ya bia isiyo na karatasi, ndani yake kimiminika cheupe kimebaki kama vidole viwili. Daktari wa Bukoba alikipima. Ilikuwa methanoli. Alimfafanulia kwamba inanukia kama pombe na kulevya kama pombe, ila baadaye inaua, na huanza na macho.

Basi ilibaki kujua ilikotoka. Maduka hayakuwa nayo, hospitali haikuwa nayo. Zahoro alikwenda gatini, akamwomba karani wa mizigo amfungulie kitabu cha meli tangu Januari. Walipekua hadi adhuhuri. Mwaka ule mzima ilikuwa imeteremshwa methanoli mara moja tu: galoni moja, Februari, debe dogo lenye alama ya fuvu, kutoka Kampala, kwa B. Kagaruki, mwalimu, Ijumbi.

Kulikuwa na jambo moja zaidi ambalo hakujua aliweke wapi. Mara mbili alipokwenda nyumbani kwa Anatolia, ambako watoto watatu walikuwa wameachwa na bibi yao, alikuta kikapu cha ndizi na maharage kilicholetwa na mke wa mwalimu. Majirani walicheka kwa pembeni, wakauliza ni mwanamume gani anayelisha nyumba ya mjane kwa mkono wa mkewe. Zahoro aliliandika jambo hilo kwenye kijitabu chake, akaweka alama ya kuuliza.

Sasa akabisha hodi.

Alistidia, mke wa mwalimu, alimkaribisha kwa adabu ya Kihaya, akamwekea kiti, akamletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo. Mwalimu alitoka chumba cha nyuma akifuta mikono. Alikuwa mwembamba, wa miaka arobaini hivi, na shati lake lilikuwa na matone ya mafuta kifuani. Vitani alikuwa Burma na kikosi cha mawasiliano, na bado alisimama kiaskari.

Zahoro hakuzunguka. Alimuuliza kuhusu debe la methanoli, na mwalimu akakubali mara moja. Alisema aliliagiza kwa ajili ya ndege yake. Alikuwa anaunda ndege ya mfano, kubwa, ya kuongozwa kwa redio kutoka ardhini, na injini za namna hiyo hutumia methanoli. Debe lilikuwa wapi? Mwalimu alilileta. Lilikuwa kavu. Yote imekwisha kwenye majaribio, alisema.

"Na fundi Protase ulimfahamu?"

"Kanisani. Kama wengine."

Zahoro aliandika. Majibu yalikuwa yamenyooka. Kama mwalimu ameiunguza galoni nzima kwenye injini, basi chupa ya Protase ilitoka kwingine, na mwanamke wa Buganguzi angebaki palepale alipo. Alifunga kijitabu, kisha, akiwa tayari ameinuka, akaomba aonyeshwe hiyo ndege.

Uso wa mwalimu ulibadilika. Alikuwa mtu aliyesubiri muda mrefu kuulizwa.

Ndege ilijaza chumba cha nyuma chote. Mabawa yake yalikuwa mawili mawili, jozi moja juu na jozi moja chini, yameshikanishwa kwa vijiti na nyaya nyembamba, na kutoka ncha hadi ncha yalikuwa futi tisa. Mifupa ilikuwa ya mbao nyepesi, ngozi yake hariri iliyopakwa dawa hadi ikakaza kama ngoma. Mbele, mahali pa pua, ilikaa injini nyeusi ya chuma, na mbele yake rafadha, lile panga la mbao linalozunguka na kuivuta ndege. Zahoro hakuwahi kuona kitu kilichotengenezwa kwa uangalifu hivyo Muleba nzima. Alisema hivyo, na alikuwa anasema kweli.

"Kwa nini injini hii?" aliuliza. "Umeichaguaje?"

Mwalimu alivuta kigoda, akaanza kueleza kama anavyoeleza darasani, bila haraka.

Alisema kulikuwa na injini za aina tatu za kuchagua, na zilimchukua karibu nusu mwaka. Ya kwanza ilikuwa ile ya plagi yenye waya unaong'aa. Unaupasha moto kwa betri mara moja tu, kisha unaendelea kung'aa wenyewe, na injini hunywa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo. Ni nyepesi, haihitaji betri ndani ya ndege, na magazeti yote ya mambo haya yaliisifu. Ndiyo aliyoitaka mwanzoni. Kwa kuwa methanoli husafirishwa kwa shida, aliitanguliza, injini aiagize baadaye.

Kisha akapima uzito. Ndege pamoja na redio na betri za redio ilifika ratili ishirini na nne. Injini ile huzunguka mara elfu kumi kwa dakika, na huzungusha rafadha ndogo kwa kasi kubwa. Hiyo inafaa kwa ndege nyepesi yenye bawa moja. Ndege yenye mabawa juu na chini, vijiti na nyaya hushikwa na upepo kila mahali. Alimwambia Zahoro afikirie baiskeli yenye gunia la kahawa inayopanda mlima wa Ijumbi. Mwendeshaji hahitaji miguu ya haraka. Anahitaji miguu yenye nguvu, polepole.

Ya pili ilikuwa injini ya dizeli, isiyo na plagi wala betri, inayobana hewa hadi mafuta yawake yenyewe. Hiyo ina nguvu, lakini kubwa yake aliyoipata kwenye orodha ilikuwa bado ndogo, na mafuta yake yanataka etha. Etha iko hospitali peke yake, nayo ukifungua chupa kwenye joto inakukimbia.

Ikabaki ya tatu, ya petroli, yenye plagi ya cheche kama ya pikipiki. Nzito, na inabeba betri yake. Lakini huzungusha rafadha ya inchi kumi na nane, taratibu, kwa nguvu. Aliipata Kampala, ya mtu aliyekuwa anarudi kwao Ulaya.

"Shida yake ilikuwa cheche," alisema. "Kila cheche ni redio ndogo. Injini ikiwaka, usukani wa ndege unacheza wenyewe, kana kwamba mtu mwingine anauamuru. Nilikaa na tatizo hilo wiki saba. Nimefunika waya wa plagi kwa wavu wa shaba, nikahamishia kipokezi cha redio mkiani. Sasa unasikiliza."

Zahoro alikuwa amesogea karibu na rafadha. Ilikuwa ya mvule, imechongwa kwa mkono, na iling'aa hivi kwamba aliona kivuli cha kofia yake ndani yake. Karibu na tundu la katikati palikuwa na herufi ndogo iliyochomwa kwa chuma cha moto. P. Herufi hiyo alikuwa ameiona juzi kwenye mpini wa kila randa na kila patasi katika karakana ya Buganguzi.

Zahoro alinyooka. Aliuliza kama mwalimu huweka kumbukumbu za majaribio ya injini. Mwalimu akasema ndiyo, bila kumbukumbu hakuna sayansi, akamkabidhi daftari lililokuwa juu ya meza.

Zahoro alisoma ukurasa baada ya ukurasa. Mara ya kwanza injini kuwashwa ilikuwa tarehe kumi na mbili Juni. Toka hapo iliwashwa mara thelathini na moja. Kila mara mwalimu aliandika saa, dakika za kuunguruma, upepo, na mafuta. Petroli na oili. Petroli na oili. Hadi ukurasa wa mwisho.

"Mwalimu, kati ya injini hizo tatu, umewahi kushika mkononi ngapi?"

"Hii moja tu."

"Na hii, uliwahi kuiwasha kwa methanoli?"

Mwalimu alifungua mdomo. Macho yake yalikwenda kwenye daftari lililokuwa mkononi mwa Sajini, yakabaki hapo. Kwa mwandiko wake mwenyewe alikuwa ameeleza dakika baada ya dakika kila kitu injini ile ilichokunywa. Angeweza kumdanganya polisi, na alikuwa amejaribu. Daftari hakulidanganya.

"Hapana," alisema.

Zahoro aliweka kidole kwenye ile herufi P. "Rafadha hii aliichonga Protase. Na lakiri ya kung'arisha mbao huyeyushwa kwa spiriti. Methanoli iliyokuja Februari haikupata injini ya kuinywa. Nieleze ilikwenda wapi."

Aliyesema kwanza alikuwa Alistidia. Alikuwa amesimama mlangoni, na haikujulikana alikuwa hapo tangu lini. Alizungumza na mumewe kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, maneno machache. Zahoro, aliyezaliwa Bukoba mjini kwa baba wa pwani na mama wa Kitendaguro, aliyaelewa yote. Alimwambia, kwa heshima ya mke kwa mume: sema, Ta Bartholomayo, nimechoka kupeleka ndizi.

Zahoro akamgeukia. "Kwa hiyo vile vikapu, mama?"

"Watoto wale hawana mama nyumbani," alijibu kwa Kiswahili. "Mimi nilijua kwa nini."

Mwalimu alikaa kwenye kigoda. Zahoro alimwonya kama sheria inavyotaka, kwamba atakayosema yataandikwa na yanaweza kutumiwa mahakamani. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaeleza.

Protase ndiye aliyemtengenezea mifupa ya mabawa na rafadha nne, akichonga na kutupa hadi akapata iliyozunguka bila kutikisika. Mwezi wa Julai rafadha ilitakiwa kung'arishwa na spiriti ilikuwa imekosekana madukani. Protase akamwomba mwalimu kama ana kitu cha kuyeyushia lakiri. Debe lilikuwa limekaa bure chini ya meza tangu alipoamua kuchukua injini ya petroli. Mwalimu alimjazia chupa ya bia.

"Ulimwambia ni sumu?"

"Debe lina alama. Chupa haikuwa na kitu." Alilitazama debe. "Aliinusa, akaniuliza ni nini. Nilikuwa nimeinama, nafunga nyaya. Nikamwambia ni enkonyagi ya ndege. Akacheka. Nami nikacheka. Akaondoka nayo."

Zahoro aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akamsomea. Mwalimu akakubali kuwa ndiyo hayo.

Habari za vifo zilimfikia Jumatatu ileile, na alijua palepale. Jumanne alfajiri alimwaga yote iliyobaki chooni. Alistidia alimwambia aende polisi. Alisema atakwenda. Kisha akasikia mwanamke amekamatwa, akajiambia kwamba watamwachia, kwa sababu pombe yake haikuwa na kosa na daktari ataona. Baadaye akajiambia asubiri Mkaguzi wa Elimu aje kuiona ndege, kwa kuwa baada ya hapo shule ingepata chumba cha sayansi. Kila siku ilikuwa na sababu yake. Alizitaja zote, mpaka nyingine ambazo Zahoro hakumuuliza.

"Sikumchukia yule mama," alisema. "Hata simjui vizuri."

"Hilo ndilo lililokurahisishia," alisema Alistidia.

Zahoro alimwambia mwalimu kwamba lazima wafuatane hadi Muleba, na kutoka hapo gari la polisi lingewachukua hadi Bukoba. Kuhusu mashtaka alimweleza wazi kuwa yeye hajui. Huenda yangekuwa ya uzembe, huenda ya kuficha ushahidi, huenda yote mawili. Hilo lilikuwa la wakubwa. Mwalimu hakulalamika. Aliomba dakika kumi ili asiache petroli ndani ya nyumba yenye moto wa kupikia. Zahoro alikubali, akasimama naye.

Mwalimu alifungua tangi la ndege, akateremsha petroli yote kwenye chupa, hadi tone la mwisho. Aliiziba. Akakata karatasi, akaigundisha, na kwa herufi kubwa za ubaoni akaandika PETROLI. Aliitazama kidogo, akachovya tena kalamu, akaandika chini yake SUMU. Ndipo akavaa koti.

Njiani walikokota baiskeli pamoja, wakipita kwenye rweya, ule uwanda wa nyasi ulio nje ya migomba. Katikati yake nyasi zilikuwa zimefyekwa, zikaacha njia ndefu iliyonyooka kama rula. Zahoro alielewa kuwa ni ya ndege kupaa. Mwalimu aliitazama tu walipokuwa wakiipita. Baada ya muda alimuuliza Zahoro kama Josia anaweza kusikia vizuri. Zahoro alijibu kwamba masikio yake ni mazima. Mwalimu alisema angependa kumwambia yeye mwenyewe, kabla hajayasikia kwa mtu mwingine. Zahoro alimpeleka hospitali Ijumaa asubuhi, chini ya ulinzi, akabaki nje ya mlango. Waliyozungumza humo ndani hayakuingia kwenye jalada.

Inspekta hakufurahi. Alisoma maelezo mara mbili, akalitazama daftari la injini, akauliza kama askari wake sasa anasomea uhandisi. Lakini hoja zilishikana, na chupa, debe na rafadha vilikuwa juu ya meza yake. Jumamosi hakimu aliliondoa shtaka la vifo. Kosa la kuchemsha enkonyagi lilibaki, na Anatolia alilikubali. Hakimu akasema muda aliokwisha kaa ndani unatosha.

Zahoro ndiye aliyekwenda kumfungulia mlango wa mahabusu, Bukoba. Anatolia alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyosha, leso ameifunga kichwani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na siku alizokaa humo zilikuwa zimemchongoa mashavu. Zahoro alichuchumaa ili asizungumze naye kutoka juu, akamweleza kila kitu kwa mpangilio: chupa, lakiri, debe, injini ambayo haikununuliwa. Alimwambia kwamba enkonyagi yake haikuua mtu.

Anatolia alisikiliza hadi mwisho. Alisema hilo alilijua, kwa sababu ile ya kwanza kutoka katika kila chungu, iliyo mbaya, huimwaga, na hiyo ya Jumapili alikuwa ameionja mwenyewe. Kisha akauliza kuhusu watoto. Zahoro akamwambia wamekula, na nani aliyewapelekea.

"Mke wa mwalimu," alirudia Anatolia.

"Ndiye."

"Kwa hiyo, waitu bwana, mwalimu alijua kwamba niko humu."

"Alijua."

"Tangu siku ya kwanza?"

Zahoro alikuwa na maneno mengine aliyoyaandaa njiani, kuhusu woga na jinsi unavyompotosha hata mtu mwema. Aliyaacha.

"Tangu siku ya kwanza," alisema.

Anatolia aliikaza leso yake, akaweka mkono ukutani, akasimama. Zahoro akanyoosha mkono kumsaidia, lakini Anatolia hakuushika. Alitoka peke yake hadi barazani, akafumba macho kwa sababu ya jua, akayafumbua. Chini, mwisho wa barabara, ziwa lilikuwa jeupe kabisa. Alilitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayehakikisha kuwa bado anaona, kisha akamuuliza askari wa zamu gari la kurudi kwao Muleba linaondokea wapi.